Suti kavu ya kuzamia: namna ya kuichagua na kuimudu bila kulowa wala kufilisika

Kila mwaka maji ya Uingereza yanapoanza kupoa, simu yangu hupokea picha ya aina moja. Mtu kasimama kando ya gari, suti aliyoinunua juzi imeshushwa mpaka miguuni, naye anakamua soksi. Chini ya picha ameandika: "Nimeipata kwa pauni 150 tu. Tatizo liko wapi?"

Tatizo ni kwamba aliuliza bei kabla ya kuuliza shingo.

Mwongozo huu ni wa wale waliojifunza kuzamia Nungwi, Watamu au Mafia, kwenye maji ya nyuzi 25 na zaidi, kisha kazi au masomo yakawaleta kwenye maji ya nyuzi 6. (Kuzamia ninakokusema hapa ni kwa mtungi mgongoni. Kule kwingine kwa kujificha melini mtatafuta mwalimu mwingine.) Bei nimeziweka kwa pauni kwa sababu naishi Uingereza. Ukiwa Norway au Kanada zitapanda na kushuka, lakini uwiano wake hautofautiani sana.

Suti kavu haiingizi maji. Wetisuti huruhusu maji kidogo yapite, na mwili wako ndio unaoyapasha. Kwenye suti kavu unavaa nguo za joto kama za kulalia, suti inakuja juu yake, na hewa inayobaki katikati ndiyo blanketi. Maji yakipenya, blanketi limekwisha.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Tepu ya fundi cherehani, na mtu wa kukupima. Usijipime mwenyewe, ukiinama kusoma namba, kipimo kimeshaharibika.
- Nguo za joto utakazovaa ndani, au angalau zinazolingana nazo kwa unene.
- Karatasi ya bajeti yenye mistari ya vitu vyote, siyo suti peke yake.
- Chupa mbili za plastiki, mpira mdogo wa miguu, raba bendi nene, sabuni ya maji na brashi ya rangi. Hivi ni vya kupimia kama suti inavuja.
- Poda ya talki isiyo na manukato na nta ya zipu.
- Cheti cha kuzamia na nafasi kwenye kozi ya suti kavu.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako

Maji hunyang'anya mwili joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo nyuzi tano kwenye maji ni jambo kubwa. Stoney Cove, lile shimo la machimbo kule Leicestershire ambako nusu ya wazamiaji wa Uingereza wamepita, hushuka hadi nyuzi 5 au 6 mwezi Februari. Bahari ya kusini mwa Uingereza hufika 16 au 17 mwezi Agosti. Silfra, ule mpasuko wa ardhi uliojaa maji kule Iceland, hukaa kati ya 2 na 4 mwaka mzima.

Chini ya nyuzi 10 sina mjadala: suti kavu. Kati ya 10 na 15 inategemea mwili wako na muda unaokaa chini. Juu ya 15, wetisuti nene ya milimita 7 inawatosha wengi. Ukienda Silfra mara moja maishani, usinunue chochote. Kampuni za kule hukupa suti pamoja na safari.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kama hii: "Nitazamia mara mbili kwa mwezi, Machi hadi Novemba, maji ya nyuzi 6 hadi 16." Ukishindwa kuiandika, bado hujafika kwenye kununua.

## Hatua ya 2: Soma na kodi kabla ya kununua

Kozi ya suti kavu ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, ina zoezi la bwawani na mbizi mbili za maji ya wazi. Vilabu vya BSAC, chama cha wazamiaji cha Uingereza, navyo hufundisha, na baadhi vina suti za kuazimisha wanachama. Watengenezaji kadhaa hufanya siku za majaribio kwenye machimbo, ambako unavaa suti zao na kuzama nazo. Nenda. Utajua kwa dakika 40 kile ambacho picha za mtandaoni hazitakwambia kwa mwezi mzima.

Kuna sababu mbili za kusoma kwanza. Ya kwanza ni kubanwa: ukishuka, hewa ndani ya suti husinyaa na kitambaa hukufinya mpaka unabaki na michirizi ya zambarau mapajani. Unaongeza hewa kidogo kwa vali ya kifuani. Ya pili ni hatari zaidi: hewa ikikimbilia miguuni, miguu hupaa, kichwa kinabaki chini, na vali ya kutoa hewa iliyo begani haifanyi kazi. Kozi hukufundisha kujikunja kama mpira, kubiringika na kurudisha miguu chini kabla hujarushwa juu kama kizibo.

Onyo: usimwachie rafiki akufundishe "kwa haraka" bahari ikiwa imeshakufika kifuani.

## Hatua ya 3: Andika bajeti nzima

Hapa ndipo wengi huanguka. Suti ya mtumba ya pauni 300 inaonekana rahisi mpaka ukumbuke kwamba haizami peke yake. Kwa bei ninazoziona, fikiria hivi:

- Nguo ya joto ya ndani: 150 hadi 350
- Fulana na suruali ya kubana ya kuvaa chini yake, sufu ya merino au ya kitambaa cha sanisi: 40 hadi 80
- Kofia nene na glavu: 70 hadi 120
- Viatu, kama suti ina soksi tu: 50 hadi 80
- Paipu ya hewa ya kuunganisha suti na regileta (kile kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi): karibu 30
- Mapezi makubwa zaidi, kwa kuwa mguu wa suti kavu hauingii kwenye ya zamani: 80 na kuendelea
- Risasi za kuongeza uzito (za mkandani, si za bunduki): 20 hadi 40
- Kozi: 150 hadi 250

Jumlisha. Hata ukibana sana, unafika karibu pauni 600 kabla hujagusa suti. Suti mpya ya bei ya chini huanza karibu 700 hadi 1,000; za katikati 1,200 hadi 1,800; zinazotajwa kwa majivuno hupita 2,000.

Ushauri wangu, na wapo watakaobisha: pesa ikiwa kidogo, punguza kwenye suti, usipunguze kwenye nguo ya joto. Nimeona mtu ana suti ya pauni 2,000 akitetemeka kwa kuvaa suruali ya mazoezi ya pamba ndani. Pamba ikishika jasho, imekwisha.

Kuhusu kulipa, maduka mengi hukubali awamu, lakini soma riba. Sisi watu wanne tulicheza upatu wa pauni 100 kwa mwezi, kila mtu akapokea 400 zamu yake ilipofika. Aliyepokea mwisho alinunua suti Aprili, bei zikiwa zimeshuka, akatucheka. Na ukiagiza kutoka nje ya Uingereza, tia VAT ya asilimia 20 kwenye hesabu kabla mtu wa vifurushi hajakukumbusha mlangoni.

Umefaulu ukiwa na namba mbili: ya vitu vyote, na ya suti peke yake baada ya kuondoa vingine.

## Hatua ya 4: Chagua kitambaa

Trilamineti ni matabaka matatu, raba nyembamba katikati ya vitambaa viwili. Ni nyepesi, hukauka haraka, na huingia kwenye begi la ndege. Haina joto lake. Joto lote linatoka kwenye nguo za ndani. Uzuri wake ni kwamba unabadilisha nguo kulingana na majira, suti ni ileile.

Neoprini nene hupasha yenyewe na hukumbatia mwili, lakini viputo vilivyomo husinyaa ukishuka. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya la juu, kwa hiyo hewa ile inabaki nusu, na joto na kuelea vinapungua nayo. Pia ni nzito na huchukua siku kukauka.

Neoprini iliyobanwa kiwandani iko katikati: ngumu, hudumu, haisinyai sana, ila bei yake si ya mchezo.

Kwa mtu anayeanza, mwenye nyumba ndogo isiyo na pa kuanika, nachagua trilamineti.

## Hatua ya 5: Pima mwili ukiwa umevaa

Vaa nguo zote za joto, kisha jaribu suti. Usikubali kuijaribu juu ya fulana.

Fanya mambo matatu. Chuchumaa mpaka chini kama unayepuliza jiko la mkaa. Jikumbatie, mikono ikifika nyuma ya mabega. Kisha peleka mkono nyuma ya kichwa kana kwamba unafungua vali ya mtungi. Suti ikikuvuta kwenye kinena au kukuzuia kwapani, ni ndogo. Ikikunjamana kifundoni kama suruali ya kurithi, ni kubwa, na mikunjo ile ndiyo hewa inamohamia kwenda miguuni.

Miguu ndiyo inayosahaulika. Kiatu kilichobanwa hukata damu, na vidole visivyo na damu haviwezi kupashwa na soksi yoyote. Kiatu kikipwaya, mguu hutoka ndani yake chini ya maji na pezi linabaki linaning'inia.

Dada zangu, na kina mama wenye nyonga za kwetu: suti nyingi zilizo tayari dukani zimekatwa kwa mwili mwembamba ulionyooka. Ukinunua inayoenea nyonga, kiuno na mabega vinapwaya. Suti ya kupimwa mara nyingi huongeza mia moja au mia mbili tu kwa watengenezaji wa bei ya kati, na kwako pesa hiyo haipotei. Mpe anayekupima ruhusa ya kuandika namba halisi. Suti haijui aibu.

Umefaulu ukiweza kuvaa, kufunga zipu na kuchuchumaa bila kusikia kitambaa kikilia.

## Hatua ya 6: Shingo na mikono

Hapa ndipo maji yanapoingia, kwa hiyo soma polepole.

Mipira ya shingo na mikono huwa ya lateksi, silikoni au neoprini. Lateksi hubana vizuri na ni rahisi kubadilisha, lakini huchanika na huzeeka. Silikoni ni laini na inafaa kwa wenye mzio wa lateksi. Huwekwa kwenye pete za plastiki, hivyo unaweza kuibadilisha mwenyewe ukiwa kando ya maji. Neoprini ina joto na hudumu, ila lazima uikunje kuelekea ndani ili ibane.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Wazungu havikwambii. Mafuta ni sumu ya lateksi: mafuta ya nazi, vaselini, losheni ya siagi ya shea, vyote vinailainisha mpaka inageuka ulimbo. Mimi nilikuwa najipaka mafuta ya nazi shingoni asubuhi kama mama alivyonizoesha, na mpira wa shingo uliotakiwa kudumu miaka kadhaa uliniachia alama za gundi nyeusi kabla ya mwaka kwisha. Siku ya kuzama, acha ngozi kavu. Tumia poda.

Mwenye rasta au misuko avae soksi ya nailoni kichwani, nywele zote ndani, ndipo apitishe shingo. Shanga na vibanio hutoboa mpira. Hereni, pete na saa vitolewe kwanza. Kucha ndefu hazitaki lateksi kabisa: vuta mpira kwa nyama ya vidole, usitumie ncha.

Mpira wa lateksi ukibana mno, hupunguzwa kwa kukata mviringo mmoja mwembamba kwa mkasi mkali, mkato mmoja usiokatika. Ukiacha kijino kidogo pembeni, mpasuko utaanzia hapo. Wa neoprini ukibana, uvishe kwenye sufuria yenye upana wa shingo yako usiku kucha, asubuhi ujaribu tena.

Onyo: shingo ikibana mpaka uso unajaa au unasikia kizunguzungu, vua mara moja. Kuna mishipa pembeni mwa shingo ambayo ikikandamizwa hupunguza mapigo ya moyo. Usijiambie "itazoea."

Umefaulu ukiweza kumeza mate na kugeuza kichwa bila taabu, na ukikunja ngumi maji hayapiti kwenye mifereji ya kano za kifundo cha mkono.

## Hatua ya 7: Ukiamua mtumba

Mtumba mzuri upo, maana watu hununua suti Januari na kuacha kuzamia Machi. Lakini suti ya mtumba unaikagua kama injini, siyo kama shati.

Zipu kwanza, kwa sababu kuibadilisha ni pauni 200 hadi 300. Ya shaba: ikunje taratibu, angalia jino lililopinda, na kitambaa cha pembeni kilichochanika nyuzi. Ya plastiki: angalia mwisho inapofungia, hapo ndipo nyufa huanzia. Mimi nilinunua suti kwenye maegesho ya magari, jioni, mvua inanyesha, muuzaji ana haraka na mimi nina furaha. Zipu ilifunga vizuri. Wiki iliyofuata, kwenye ile rafu ya mita 7 ya Stoney Cove, nikasikia kama kidole cha barafu kinashuka uti wa mgongo, kikafika kiunoni, kikatulia. Nyumbani nikaona: meno mawili, katikati ya mabega, yameachana kwa upana wa uzi.

Mipira baadaye. Ivute mbele ya taa. Ukiona nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka, au ikinata vidoleni, hesabu imekufa. Siyo sababu ya kukataa suti. Ni sababu ya kushusha bei kwa gharama ya kuibadilisha. Sema namba waziwazi: "Shingo na mikono vinahitaji 120, toa hapo."

Kisha vali. Unganisha hewa, bonyeza, achia. Hewa isipokatika papo hapo, vali imekwama, na vali iliyokwama chini ya maji ni safari ya juu isiyo na breki.

Mwisho, kiunganishi cha paipu. Baadhi ya suti zina kiunganishi cha CEJN ambacho hakiingiani na kile cha kawaida. Hili si jambo dogo. Tarehe 1 Novemba 2020, kwenye Lake McDonald kule Montana, Marekani, msichana wa miaka 18 alifariki akiwa mafunzoni. Alikuwa na suti kavu ya mtumba isiyounganishwa na hewa kwa kukosa paipu inayoingiana nayo, tena amebebeshwa risasi nyingi. Alipoteremka, suti ilimbana na hakuwa na namna ya kuijaza.

Onyo: suti isiyo na paipu inayoingiana nayo haiingii majini. Hata mita tatu.

## Hatua ya 8: Ipime nyumbani

Ingiza chupa kwenye mikono na mpira wa miguu shingoni, kaza kwa raba bendi. Funga zipu na vali ya kutoa hewa. Jaza hewa taratibu kupitia vali ya kifuani mpaka suti isimame kama mtu mnene aliyelala. Usiifanye ngumu kama gurudumu.

Paka maji ya sabuni kwa brashi: zipu, mishono ya kinena, viatu, kuzunguka vali. Viputo vikichomoza, weka alama kwa kalamu. Kitundu kimoja unakiziba mwenyewe kwa gundi maalumu. Mstari mzima wa viputo kwenye zipu ni kazi ya fundi.

Usichanganye uvujaji na jasho. Unyevu mwepesi uliosambaa mgongoni ni jasho lililopoa kwenye kitambaa. Maji yaliyokusanyika mahali pamoja, hayo ni ya nje.

Umefaulu ikiwa nusu saa baadaye suti bado imejaa.

## Hatua ya 9: Mbizi za mwanzo

Anza mahali penye sakafu, mita 5 hadi 6. Weka risasi za kutosha kukutuliza kwenye mita 3 hadi 5 mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la baa 50 na suti karibu tupu. Utashangaa ni kilo ngapi. Mtu aliyezoea kilo 4 Pemba anaweza kufika 10 na kitu.

Hewa ya suti itumie kuondoa kubanwa tu. Kuelea kufanye kwa BCD, ile jaketi ya kuzamia inayojazwa hewa. Ukipanda, acha vali ya begani wazi na unyanyue kiwiko cha kushoto ili pawe mahali pa juu kabisa pa suti. Hewa itatoka yenyewe kwa mlio kama wa kettle.

Umefaulu ukitoka baada ya dakika 40 na soksi zako kavu, vidole vya mikono vikiwa bado vinaweza kufungua kifungo cha jaketi.

## Hatua ya 10: Kuitunza

Suuza kwa maji baridi, nje na vali. Anika kivulini, kamwe si juani. Jua huila lateksi. Paka zipu ya shaba nta kwenye meno, kwa nje. Ya plastiki weka grisi ya silikoni mahali inapofungia tu. Nyunyiza poda kwenye mipira, ikunje suti kwa kuizungusha kuanzia miguuni, zipu ya shaba ikiwa wazi na isiyopinda.

Ukiipeleka nyumbani likizo kwa ajili ya kuwaonyesha jamaa, ibaki begini. Maji ya Nungwi ni karibu nyuzi 27, na ukiivaa ufukweni saa sita mchana, utakuwa umepika nyama yako mwenyewe.